Kajuni si chotara: neno hili na fidla ya Dennis McGee

Wiki hii nimesikia tena mtu akiweka rekodi ya mwaka 1929 na kuitambulisha kuwa ni "zaideko, yaani Kajuni, ule muziki wa machotara wa Louisiana". Sentensi fupi, na karibu kila neno ndani yake limekaa pasipo pake.

Mkajuni ni mtu wa jamii ya wasema-Kifaransa wa kusini mwa Louisiana, Marekani, ambao shina lao kubwa ni walowezi wa Akadia. Muziki wao ni wa kuchezwa: walzi, polka, mazurka, kwa fidla, kodiani na pembetatu ya chuma ambayo zamani ilifuliwa kwa meno ya reki ya shambani. Maana ndiyo hiyo.

Jina lenyewe lina safari ndefu zaidi. Akadia ilikuwa koloni la Wafaransa katika pwani ya mashariki ya Kanada, ambako leo ni Nova Scotia na majirani zake. Mwaka 1755 Waingereza, waliokuwa wameshaitwaa, walianza kuwasomba walowezi hao wa Kifaransa na kuwatawanya kwenye makoloni mengine, kwa kuwa walikataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti. Baadhi ya familia zilifika Louisiana katika miaka ya 1760, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa. Mtu wa Akadia kwa Kifaransa ni Acadien. Vinywani mwao ile "a" ya mwanzo ikamezwa, ikabaki Cadien; kisha "di" iliyofuatwa na irabu ikalainika ikawa "ji". Wasema-Kiingereza wakalisikia hivyo na kuliandika Cajun. Basi uchotara haumo kabisa katika neno hili. Ni jina la mahali lililohama na watu wake, kama Mswahili alivyopata lake kutoka sawahil, pwani.

Krioli ni habari nyingine. Linatokana na crioulo la Kireno na criollo la Kihispania, na ndani yake kuna kitenzi cha kulea: aliyezaliwa na kukulia palepale koloni. Katika Louisiana ya zamani Mzungu mzaliwa wa huko aliitwa Krioli, na mtu mweusi mzaliwa wa huko vilevile. Baadaye, kwenye mbuga za kusini-magharibi, likazoeleka zaidi kwa weusi wasema-Kifaransa. Nalo zaideko, ambalo kwa kawaida hupelekwa kwenye les haricots, maharagwe, lilienea kama jina la muziki wa Wakrioli hao weusi katika miaka ya 1950 na 1960. Kulibandika kwenye santuri ya 1929 ni sawa na kuziita santuri za Siti binti Saad rusha roho.

Sasa mpiga fidla wa rekodi ile. Dennis McGee alizaliwa mwaka 1893 karibu na Eunice. Alilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, alinyoa watu nywele, na alipiga dansi majumbani. Jina lake ni la Ireland, na katika ukoo wake wamo Wafaransa na Wenyeji wa asili wa Marekani. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba McGee ni jina la Kifaransa, kwa sababu hakupata kumjua McGee asiyesema Kifaransa. Nalipenda sana jibu hilo. Ukabila wake aliupima kwa lugha ya nyumbani, na kwa kipimo hicho alikuwa Mkajuni kamili.

Machi 1929 alirekodi New Orleans pamoja na shemeji yake, Sady Courville: fidla mbili, bila kodiani. Sikiliza jinsi McGee anavyovuta upinde juu ya nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja ukibeba wimbo na mwingine ukivuma, huku Courville akimjibu kutoka chini. Ndivyo walivyopiga wazee kabla kodiani haijatawala dansi.

Desemba mwaka huohuo akarudi studio na Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, mwimbaji na mpiga kodiani aliyekuwa naye kwenye shamba la bwana mmoja. Walirekodi tena mwaka 1930, na mwaka 1934 huko San Antonio, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Kodiani iko mbele, sauti ya Ardoin inapanda juu kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na fidla inajirudisha nyuma imsitiri.

Rekodi niliyoisikia wiki hii ndiyo hiyo ya Desemba 1929, ya McGee na Ardoin. Wenyewe wawili muziki wao waliujua kwa jina la "muziki wa Kifaransa". Ndugu mtangazaji, ukiicheza tena, sema hivyo, kisha utaje mpiga fidla Mkajuni na mpiga kodiani Mkrioli, kila mmoja kwa jina lake.