Mzani umegoma kushuka? Kabla hujaanza kuruka ruka, tuongee kuhusu HIIT, yale mazoezi makali ya vipande vifupi vifupi

Kuna dada alikuja kliniki kwetu na simu imejaa picha za mzani, kila asubuhi anapanda anapiga picha, ameanza na kilo 92 akashuka vizuri tu mpaka 85, halafu wiki sita nzima ni 84.6, 84.8, 84.5, inazunguka hapo hapo kama daladala iliyokosa abiria. Akanifungulia video, kijana mmoja kifua wazi anaruka, anapiga pushapu, anaruka tena, maandishi yanasema dakika nne tu nyama uzembe zote kwisha. "Dokta nipe hii." Mimi sio dokta, ni mfiziotherapia, ila nishazoea kuitwa hivyo.

Nikamwambia nitakupa, lakini kwanza twende kwenye sinki. Nikampa chupa ya maji nikamwambia jifanye hii ni mafuta ya kupikia, nimiminie kwenye kikombe kama unavyomimina ukipika ile mboga yako ya dayati unayopika pembeni peke yako. Akamimina bila wasiwasi, tukapima, vijiko vya chakula vitatu na kidogo juu. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, kwahiyo hapo ni zaidi ya 360 na hatujagusa ugali. Kutembea kwake kwa dakika 40 kila jioni, kwa uzito wake, kunachoma karibu kalori 200. Akanyamaza kidogo, akasema mwanzoni nilikuwa napima na kijiko, siku hizi naona nishajua.

Hapo ndipo mzani wa wengi unapogoma. Mkono unarudi ulikotoka polepole na mwenyewe huna habari. Halafu mwili ukipungua matumizi yake nayo yanapungua, kilo 84 kupanda ngazi sio sawa na kilo 92 kupanda ngazi zile zile, yaani kile chakula kilichokuwa kinakupunguza mwezi wa kwanza sasa hivi kinakutosha kabisa kubaki ulivyo. Na mwili wenyewe una ubahili wake, ukiona chakula kimepungua unakuketisha zaidi, unatuma mtoto maji badala ya kuinuka, na wala hujui kama umebadilika. Ule utafiti uliowafuata washiriki 14 wa shindano la kupungua uzito kwenye televisheni ya Marekani, uliotoka 2016, ulikuta miaka sita baadaye miili yao ikipumzika inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotegemewa. Hao walijikamua kupita kiasi, wewe hutafika huko, ila tabia ya mwili ndio hiyo.

Na mfano mwingine uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa majibu ya kupima nishati wanayotumia Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu wanaotembea porini kutwa nzima wanawinda, wanachimba mizizi. Kila mtu alitegemea watakuwa wanachoma balaa. Ukishaweka hesabu ya ukubwa wa mwili, wakakuta kwa siku wanatumia nishati karibu sawa na watu wa Marekani wanaokaa ofisini! Mwili unajua kubana matumizi huku ukiongeza kule, kwahiyo anayetegemea mazoezi peke yake yamshushe kilo anajipa kazi ngumu sana.

Sasa hiyo HIIT yenyewe ni mazoezi ya kupandisha na kushusha, unajisukuma kwa nguvu muda mfupi, unatuliza, unarudia. Zile dakika nne za video zimetoka kwa Mjapani Izumi Tabata, utafiti wake wa 1996, sekunde 20 kazi sekunde 10 pumziko, raundi saba au nane. Kitu ambacho video haikwambii ni kwamba wale walikuwa vijana wanamichezo, wako juu ya baiskeli ya maabara, kwa ukali ambao mwisho wa raundi zote mtu hawezi tena hata kukanyaga pedeli, na baada ya wiki sita kilichopimwa ni pumzi na uwezo wa misuli kuhimili kazi kali ya muda mfupi, sio kitambi. Pumzi ilipanda sana kweli. Ila hizo dakika nne hata ujitoe roho hazifiki kalori 100, na ile habari ya mwili kuendelea kuchoma mafuta hata ukishamaliza, ipo, ila ni ndogo, mara nyingi haifiki hata ndizi mbivu moja. Ukilinganisha HIIT na kutembea au kukimbia taratibu, uzito unaoshuka unakaribiana, tofauti kubwa ni muda.

Sasa kwanini nampa? Kwasababu muda ndio watu hawana, na kwasababu pumzi ikikua ile saa nyingine 23 za siku zinabadilika, unapanda ngazi bila kutafuta lifti, unashuka kituo kimoja kabla, ule ubahili wa mwili niliosema unaanza kulegea. Moyo unafaidika, sukari kwenye damu inafaidika. Na kiuno kinaweza kupungua hata mzani ukiwa umekaa kimya.

Na usiogope neno kali. Kule Trondheim, Norway, mwaka 2007 walitoa utafiti wa wagonjwa 27 ambao moyo umedhoofika baada ya shambulio la moyo, wastani wa umri miaka 75, baadhi yao wakawekwa kwenye mashine wanatembea kama wanapanda mlima, dakika nne kwa nguvu, dakika tatu polepole, mara nne, chini ya usimamizi, na pumzi zao zikaboreka kuliko wenzao waliokwenda mwendo mmoja. Hakuna mzee aliyeruka ruka pale! Ukali unapimwa na mwili wako wewe, sio wa kijana wa kwenye video.

Yule dada tulimpangia Daraja la Tanzanite hapa Dar, maana anapita huko. Kwanza dakika kumi anatembea kawaida kupasha mwili. Halafu anatembea haraka sana kama anaikimbilia boti ya Zanzibar, sekunde 30 hivi, kisha anatuliza dakika moja na nusu. Saa ilimchanganya, akaamua kutumia nguzo za taa, anaenda mbio mbio mpaka akiona inatosha, anahesabu zilikuwa taa ngapi, ndio kipimo chake. Raundi sita, anamalizia na dakika tano za taratibu. Mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane. Wiki ya tatu unaweza kufika dakika moja ya nguvu kwa mbili za kutuliza, ukiona mwili umekubali ongeza raundi, na siku tatu kwa wiki zinatosha kabisa. Kipimo cha ukali ni mdomo wako, ukiweza kuimba bado hujafika, ukiweza kusema maneno mawili matatu tu halafu unatafuta hewa, ndio penyewe. Mwenye kilo nyingi namkataza kuruka miezi ya mwanzo, magoti yanapokea mara kadhaa ya uzito wako kila ukitua, tumia ngazi, mlima, baiskeli. Na Dar hii fanya alfajiri au jua likishapoa.

Kuna watu lazima waonwe kwanza. Presha isiyotulia, maumivu ya kifua, ugonjwa wa moyo, mjamzito, na anayechoma insulini au kumeza dawa za sukari maana inaweza kushuka ghafla. Na hili halisemwi sana: mtu mwenye kinasaba kimoja cha sikoseli haumwi, wengine hata hawajui kama wanacho, lakini akijisukuma ghafla kwenye joto bila maji anaweza kuanguka vibaya. Yeyote ambaye baada ya zoezi misuli imevimba na mkojo una rangi ya kahawa, hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Ongeza na mazoezi ya kubeba uzito kidogo mara mbili kwa wiki, hata madumu ya maji, na mlo uwe na protini, dagaa, maharage, mayai, ili kinachopungua kisiwe misuli. Na ukitoka mazoezini usijizawadie soda, chupa ya mililita 300 ina kalori zaidi ya 100 na umerudi pale pale.

Wiki mbili baadaye dada akarudi amekasirika, mzani unasoma 85.1. Nikamwambia kaa, misuli inapoanza kazi mpya inashika maji, itapita. Tukachukua futi ya fundi cherehani, kiuno kimepungua sentimita mbili. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, na mwanaume 94, hatari za moyo na kisukari zinaanza kupanda, kwahiyo hiyo futi kwangu ina maana kuliko picha zote za mzani. Kijiko cha mafuta nacho amekirudisha jikoni.

Ukija kliniki vaa raba, na ile chupa ya mafuta ya nyumbani ije pia.