Duka kujaa mzigo si kuwa na hela

Juzi msibani, hapa Cheyo mjini Tabora, bwana mmoja alinigeukia tukiwa tumekaa mkekani. "Mhasibu, hebu tuambie. Fulani duka lake limejaa bati mpaka barazani, semi inashusha kila baada ya wiki mbili, halafu anadai hana ada ya mtoto. Si ubahili huo?" Waliokaa karibu wakaitikia. Neno hili nimelisikia Tabora, nimelisikia Kigoma, nimelisikia hata kwa maofisa mikopo ambao kazi yao ni kujua kwamba si kweli. Nimechoka kulijibu mdomoni.

Mimi hufunga hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi ya watu binafsi, si matawi ya kampuni kubwa. Yule bwana wa bati si bahili. Hela yake imelala stoo, na nyingine imelala majumbani kwa watu.

Chukua saruji. Semi moja ya tani 30 ni mifuko 600. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Tuseme mfuko umemfikia dukani kwa shilingi 20,000, nauli na kushusha vikiwa ndani. (Anayepiga hesabu kwa bei ya kiwandani na kusahau kwamba reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kama kilomita 840, na hadi Kigoma ni zaidi ya 1,200, huyo hata tusianze naye.) Anauza 20,700. Hawezi kupandisha, maana mteja wa saruji huuliza bei maduka matatu kabla ya kutoa pesa mfukoni. Kwa hiyo mzigo wa milioni 12 umemwachia shilingi 420,000. Mfuko mmoja ukipasuka ukamwagika, faida ya mifuko 29 imekwenda nao. Nilimwona kuli akiburuta mfuko juu ya msumari uliotokeza kwenye ubao wa gari. Unga ukafumuka kama moshi, mwenye duka akashika kichwa, na watu wakamcheka kwamba analilia mfuko mmoja. Hakuwa akilia mfuko mmoja.

Hapo wajuaji hudakia: kumbe saruji hailipi, auze vitasa na bawaba, huko unaweka theluthi nzima juu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Asilimia peke yake haisemi kitu mpaka uniambie hela inazunguka mara ngapi kwa mwaka. Milioni 12 ya saruji ikiisha kila wiki mbili, kwa taslimu, hela ileile inazunguka mara 26. Zidisha 420,000 kwa 26 upate 10,920,000. Weka milioni 12 hiyohiyo kwenye vitasa, faida theluthi, halafu ikae mwaka na nusu ndipo iishe: umepata milioni 4, na umeingojea miezi 18. Vitasa viwepo, fundi asikose kitu akaenda kwa jirani, lakini mtaji usihamie huko kwa sababu ya asilimia.

Sasa rudi kwenye saruji, ukopeshe. Mkulima wa Urambo au Sikonge anachukua mifuko yake kabla ya msimu, ahadi ni masoko ya tumbaku. Tuseme mzigo wote umekwenda kwa ahadi hiyo na hela inarudi baada ya miezi minne. Mizunguko 26 imekuwa mitatu, na ile 10,920,000 imekuwa 1,260,000 kwa mwaka mzima, kabla hujalipa pango, vijana wa dukani, umeme na mlinzi. Bei haikubadilika. Asilimia haikubadilika. Mauzo ya siku yanapendeza, gari linashusha, watu wanaona duka linakwenda! Kigoma sura ni nyingine ila ugonjwa ni uleule: mali kauli, yaani mzigo unaotolewa kwa ahadi ya kulipwa baadaye, inavuka ziwa kwa boti, nawe unangoja boti irudi.

VAT kwa haraka. Aliyesajiliwa, kodi ya mfuko aliokopesha inaanza kudaiwa anapotoa risiti, si siku atakayolipwa, na ritani, taarifa ya kodi hiyo, ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tumbaku ya mkulima bado iko kwenye bani inakokaushwa, TRA (mamlaka ya mapato) haiisubiri. Na aliyenunua bila risiti halali hana VAT ya manunuzi ya kukata kwenye anayodaiwa.

Simwambii mtu asikopeshe. Huku kwetu asiyekopesha kabla ya tumbaku atauza kwa nani? Ninachodai ni bei ya mkopo iwe tofauti na ya taslimu, na daftari la madeni lipangwe kwa umri: siku 30, 60, 90. Deni lililovuka msimu mmoja wa masoko mimi huliona limekufa, hata kama mdaiwa tunasali naye.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe halijanikalia sawa mpaka leo. Nondo imenunuliwa 24,000, imeuzwa 27,000. Kitabuni naandika faida 3,000. Lakini bei ya kununua imeshapanda, nondo ya kurudishia sasa ni 27,500. Amepata faida gani mtu ambaye kwa hela aliyopokea hawezi kununua nondo ileile? Viwango vya kimataifa vya uhasibu haviruhusu kuhesabu mzigo ulionunuliwa mwisho kana kwamba ndio uliouzwa kwanza, nami navifuata. Ila mwenye duka akinikazia macho, "Mama, hiyo elfu tatu iko wapi?", sina jibu linaloniridhisha. Namwambia tu asiile.

Mwishoni mwa mvua tulihesabu mzigo wa duka moja. Kitabuni, mifuko 140 ya saruji, na kweli 140 ilikuwepo. Safu ya chini ilikuwa imepangwa sakafuni bila mbao. Nikagonga mfuko mmoja kwa ngumi, ukalia kama jiwe. Iliyoganda ilikuwa 22. Kwa bei yangu ya mfano ni 440,000, zaidi ya faida ya semi nzima. "Iandike tu mama, ni mali hiyo," akasema mwenye duka. Nikaiandika sifuri. Nilipopita tena wiki iliyofuata, alikuwa ameipanga mlangoni, watu wanaikanyaga kuingia dukani.