Redifishi wa Kipupwe Hawajakimbilia Kilindini

Kila Januari hapa Charleston, South Carolina, huambiwa kwamba redifishi, samaki wa pwani waitwao pia red drum, wamekwenda bahari kuu, na kwamba fito za kurushia chambo cha manyoya ziwekwe hadi Aprili. Nimechoka kuisikia kauli hii. Wanaohamia baharini ni wale waliokwisha kupevuka. Wadogo, ambao ndio tunaowavua katika vinamasi vya chumvi, hubaki humu humu mwaka mzima.

Kinachobadilika ni mwenendo wao. Baridi ikiingia, vijimea vinavyoyatia maji ukungu hupungua, kamba huondoka, na samaki waliokuwa wametawanyika majanini hujikusanya makundi makubwa juu ya matope, mara nyingi katika maji yasiyofika magotini wakati wa kupwa. Vitabu husema kwamba wanafuata joto la tope jeusi lililopigwa na jua. Hilo lina ukweli, lakini nina shaka kama ndiyo sababu kuu, kwa kuwa nawakuta pale pale asubuhi ya mawingu, kabla tope halijapata joto lolote. Pomboo huwawinda sana msimu huu, na penye maji mafupi ambamo pomboo hawezi kuogelea, ndipo redifishi anapopona. Naona hofu inawaongoza kuliko jua.

Ndiyo maana nasisitiza ukimya kuliko ufundi wa kurusha. Upondo ukigonga chaza, au kivuli cha mshipi kikipita juu yao, mmoja hushtuka na wote humfuata. Simamisha mashua mbali, ulenge ukingo wa kundi, wala usirushe katikati yake. Ufito namba 8 (namba huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa) unatosha, pamoja na chambo kidogo cha rangi ya tope kinachofanana na kaa.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuvuta mshipi kwa kasi ya Septemba. Mwili wa samaki hupoa pamoja na maji, naye hataki kukimbiza kitu. Vuta kidogo, uache chambo kilale chini, kisha uvute tena. Mara nyingi utahisi uzito tu, bila mshtuko wowote. Hapo usiinue ufito: endelea kuvuta mshipi kwa mkono mpaka ndoana ishike.

Kundi likitimka, liache. Hukaa eneo lile lile kwa majuma mengi, na likifukuzwa kwa injini kila siku, hukataa chambo cha kila mtu.