Kula askari wa c4 si kosa, kosa ni kumng'ang'ania

Jumamosi, kwenye mashindano ya sataranji ya vijana hapa Uyole, mwanafunzi wangu alipoteza kete nzima, si askari tu, ndani ya miendo sita. Yuko nje anafuta machozi, mzazi mmoja akamwambia: "Ulishakula askari wa bure, ungemlinda tu." Kauli hiyo nimeisikia Iringa, nimeisikia Tukuyu, na imenichosha.

Ufunguzi wenyewe ni Gambiti ya Malkia: 1.d4 d5 2.c4 (herufi na namba ni jina la mraba, mweupe anatajwa kwanza). Mweupe anamtoa askari wa c4 aliwe. Ukitaka kula, kula. Wapo wanaokataza kwa kuwa mwaka 1927 Capablanca na Alekhine waligombea ubingwa wa dunia kwa michezo 34, na katika 32 gambiti hii ilikataliwa, yaani askari hakuliwa. Hilo linaonyesha walichopenda wao wawili, basi.

Tatizo linaanza baada ya kula. Kijana, akiwa mweusi, alicheza 2...dxc4 (alimla askari) 3.e3 b5, ili amlinde askari wake. 4.a4 c6 5.axb5 cxb5, kisha malkia mweupe akaja f3. Hebu panga ubao uangalie mshazari huo: e4, d5, c6, b7, zote tupu mpaka ngome ya a8. Ukizuia kwa farasi c6, analiwa. Kwa askofu b7, naye analiwa. Na ukijibu a4 kwa a6, askari wako wa a amefungwa: akila b5, ngome ya a8 inaondoka. Askari mmoja umemlipia kete!

Mwachie mweupe amrudishe askari wake. Wewe toa e6, farasi f6, piga katikati kwa c5. Askofu wake akishakula c4, hapo ndipo a6 na b5 zina maana, kwa sababu b5 inamfukuza askofu na wewe unapata mwendo wa ziada.

Ila sitadanganya kwamba b5 ni mbaya siku zote. Mweupe akicheza 3.e4, askari wake mwenyewe anaziba mshazari ule. Mabingwa wanathubutu 3...b5 4.a4 c6 5.axb5 cxb5 6.farasi c3 a6, na mweupe akila b5 kwa farasi, wanaiachia ngome ya a8, wanaleta askofu b7 kuifukuza ngome iliyoingia na kuitishia e4. Nimeurudia mstari huo usiku mwingi na bado sijui nisimame upande upi.

Kwa hiyo kwa wanaoanza nasita: niseme b5 marufuku, au niwafundishe kuuona mshazari kwanza? Jumatano nitampangia kijana yule nafasi zote mbili, ya e3 na ya e4, nisizungumze, nione macho yake yanaenda wapi.