Sumu ya nyoka haiko tumboni: acheni kumnywesha mbwa maziwa

Alhamisi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipokea mbwa kutoka upande wa Rongai, nje kidogo ya Nairobi. Dume wa kilo thelathini hivi, uso umevimba hadi macho yamefungika, damu na mate vikimdondoka. Alikuwa ameumwa saa mbili usiku. Askari alimwona nyoka kwa tochi: mfupi, mnene, mwenye alama za V mgongoni, akitoa sauti kama tairi linalotoka upepo. Bafe huyo. Kutoka kwao hadi kliniki yetu, usiku barabara zikiwa wazi, ni nusu saa. Nikauliza saa kumi zote zilienda wapi. Mama mwenye mbwa akanijibu bila wasiwasi: "Daktari, tulimpatia maziwa. Pakiti mbili. Tukangoja yafanye kazi."

Simlaumu yeye. Askari alimwambia maziwa, jirani akamwambia maziwa, shemeji yake akapigiwa simu naye akasema maziwa. Lakini nimechoka kulisikia jibu hili kila msimu wa mvua, na nimechoka kupokea mbwa asubuhi ambao ningewapokea usiku wakiwa katika hali bora mara kumi.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili sumu ya panya ni sumu, sumu ya nyoka ni sumu, kwa hiyo mtu anaona ni kitu kimoja na tiba yake ni moja. Sivyo. Sumu ya panya imemezwa, iko tumboni (na hata hiyo maziwa hayaitoi). Sumu ya nyoka imechomwa kwa meno, iko chini ya ngozi au ndani ya msuli, na inasafiri kwa limfu na damu. Ukimimina maziwa tumboni, hayakutani nayo popote. Hakuna mahali hapo katikati ambapo maziwa yataishika sumu na kuituliza.

Laiti ingekuwa hayasaidii tu, ningenyamaza. Yanadhuru. Mbwa aliyeumwa na bafe mara nyingi ameumwa usoni, maana alienda kunusa. Koo linavimba, kumeza kunamshinda, na mtu anamshika taya anamlazimisha. Maziwa yanaingia mapafuni. Akiwa ameumwa na swila au koboko ambaye sumu yake inalegeza misuli, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu koo lenyewe limeanza kupooza. Kisha wengi wa mbwa waliokomaa hawasagi maziwa vizuri, wanaharisha. Huyu ni mgonjwa ambaye maji ya mwili wake tayari yanamiminikia kwenye uvimbe na presha inashuka, nasi tunamfanya apoteze mengine. Na nikihitaji kumlaza ili nimwekee mpira wa kupumulia, tumbo lililojaa maziwa linaweza kurudi juu mikononi mwangu.

Yule wa Rongai amepona uso, ingawa amepoteza ngozi ya shavu na kipande cha mdomo. Kilichomweka kitandani kwa siku za ziada ni nimonia. Nimonia hiyo haikutoka kwa nyoka.

Najua mtakachoniambia: "Wangu nilimpa na akapona." Ninaamini kwamba alipona. Nyoka huweza kuuma bila kutoa sumu. Nyoka wengi wanaoingia katika nyua zetu za Karen, Lang'ata au Kitisuru hawana sumu ya kutisha kabisa. Yule mwembamba wa kijani anayekimbia kwenye ua, ambaye kila mtu anamwita mamba wa kijani, nyoka wa sumu kali, karibu kila mara ni nyoka wa Battersby, asiye na madhara. Hongo, mamba wa kijani wa kweli, makao yake makuu ni pwani. Na yuko yule mdogo wa kahawia mwenye V kichwani, mla vyura. Akimuuma mbwa, mguu utavimba na kuuma, lakini ni nadra kuua. Mbwa hao wote wangepona kwa maji, kwa uji, au bila kupewa chochote. Maziwa yakapata sifa ambayo si yao, na sifa hiyo ndiyo inayoua mbwa wa yule atakayekutana na bafe.

Kinachofanya kazi dhidi ya sumu yenyewe ni antivenomu, kwa dripu, mapema iwezekanavyo. Haitafufua nyama iliyokwisha kufa, ndiyo sababu saa zina thamani. Ni ghali, na mbwa anaweza kuhitaji zaidi ya chupa moja, sifichi. Lakini asiye na uwezo nayo asibaki nyumbani kwa aibu. Dripu, oksijeni, dawa ya maumivu inayofaa na kumwangalia usiku kucha vimeokoa bafe wengi niliowaona. Namaanisha mbwa walioumwa na bafe.

Basi ufanye nini? Mwondoe mbwa hapo alipo nyoka. Mvue kola mara moja, na hata ule mkanda wa kifuani, kabla shingo haijavimba. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa sababu watu hulisahau na nimewahi kukata kola iliyozama kwenye nyama. Mbebe, usimtembeze, maana kila hatua inasukuma sumu. Mtu mmoja apige simu kliniki huku mwingine akiwasha gari. Kama huna gari, ita teksi na umwambie dereva mapema kuwa una mbwa, asije akakataa langoni. Njiani mlaze kwa ubavu, kichwa kimenyooka, mdomo usifungwe. Usimpe kitu chochote kwa mdomo.

Hayo mengine ninayoambiwa na watu nitayapitia haraka.

"Nilimpa Piriton na Brufen kwanza." Piriton haigusi sumu ya nyoka. Brufen ni hatari kwa mbwa hata siku ya kawaida: inachoma tumbo na kuumiza figo, na mbwa aliyeumwa na bafe damu yake huenda tayari haigandi vizuri. Diklofenaki ni vivyo hivyo. Niambie ulichompa, hata ukiona haya, kwa sababu kinabadilisha ninachoweza kumpa mimi.

"Funga kamba juu ya jeraha, chanja, nyonya." Kamba inaifungia sumu ya bafe mahali pamoja, nao mguu unaoza. Chale zinaongeza damu na vidudu. Kunyonya hakutoi kitu.

"Jiwe la nyoka litavuta." Jiwe hilo jeusi kwa kawaida ni mfupa uliochomwa. Linanata kwenye jeraha bichi kwa sababu linafyonza unyevu, kama linavyonata kwenye ulimi. Sumu imekwisha kwenda chini zaidi ya hapo.

"Mbwa wa kienyeji ana kinga." Hana. Ana bahati tu kwamba mara nyingi ni mwepesi wa kuruka.

"Mbwa mdogo, dozi ndogo." Kinyume chake. Nyoka hakumpimia sumu kwa kilo zake, na antivenomu inapambana na sumu, haipimwi kwa uzito wa mbwa. Kijibwa cha kilo nne kinaweza kuhitaji chupa sawa na za mbwa mkubwa aina ya German shepherd.

"Nitanunua chupa niiweke kwenye friji." Usifanye hivyo. Nyingi hutengenezwa kwa damu ya farasi, na mwili wa mbwa unaweza kuikataa ghafla hadi akaishiwa pumzi. Inapaswa kutolewa mahali penye adrenalini na oksijeni.

"Hakuna alama za meno, kwa hiyo hakuumwa." Manyoya yanaficha, uvimbe unafunika. Tazama mbwa mwenyewe: amevimba ghafla, analia akiguswa, anayumba, anadondosha mate, kope zinalegea? Mlete.

"Tumekuletea nyoka." Tafadhali msimletee daktari nyoka. Mkimfukuza, wa pili kuumwa ni askari. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma baada ya muda. Picha kutoka mbali inatosha, na isipopatikana nitatibu dalili ninazoziona.

Jambo moja linahitaji nafasi yake, nalo ni macho. Swila anayetema hapigi kwa meno kwanza. Analenga macho, kutoka mita mbili au hata tatu, na mbwa anarudi akijikuna kwa makucha na kulia. Hapo kuosha ndiyo tiba. Maji safi, mengi, yakitiririka polepole kwa dakika ishirini, huku mtu akimzuia asijisugue. Na hapa peke yake ndipo nitayaruhusu maziwa: kama huna maji kabisa, mmiminie machoni, kwa sababu kimiminika chochote kisichowasha kinasaidia kuondoa sumu. Baada ya hapo mlete tuangalie kama kioo cha jicho kimechubuka. Usimtie matone ya macho yaliyobaki nyumbani. Mengine yana steroidi, na jicho lililochubuka linaweza kutoboka.

Juzi nilienda kuwaona wale wa Rongai nyumbani kwao. Walikuwa wamemwaga dizeli na kitunguu saumu kilichopondwa kuzunguka ukuta mzima. Harufu ilikuwa kali, na nyoka hatajali. Dizeli itaua nyasi na kumwasha mbwa nyayo. Nyuma ya banda la kuku nikakuta kilichomleta bafe: gunia la chakula cha kuku lililotobolewa na panya, mabati ya zamani yamelazwa chini, nyasi hadi magotini, na bakuli la mbwa lenye mabaki ya ugali wa jana usiku. Bafe hafuati mbwa. Anafuata panya, kisha analala chini ya bati penye joto, na mbwa anampata wakati wa jioni.

Tuliyainua mabati pamoja, kwa fimbo ndefu na buti miguuni. Chakula cha kuku sasa kiko kwenye pipa lenye kifuniko. Kijana wa shamba amekata nyasi na kuziba nafasi iliyokuwa chini ya geti kwa ubao. Bakuli linatolewa mbwa akimaliza kula. Taa ya nyuma, ambayo ilikuwa imeungua tangu Krismasi, imebadilishwa. Na ndani ya mlango wa jikoni mama amebandika karatasi yenye namba yetu na maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: "Kola. Beba. Piga simu. Hakuna maziwa."