EPNS si fedha, jamani, nimechoka kusema

Juzi asubuhi mama mmoja wa makamo ameshuka kwenye kivuko cha Ukerewe, akakatiza Makoroboi, hapa Mwanza, mpaka mezani kwangu ninapokagua vyombo vya fedha. "Mwangaluka, fundi." Nikaitikia. Akafungua kitenge: uma kumi na mbili na kijiko kidogo cha chumvi, urithi wa babu yake aliyempikia Mzungu enzi za mkoloni. Sijavaa hata miwani, kaniwahi: "Usinizungushe mwanangu, mhuri upo."

Upo kweli. E, P, N, S, kila herufi ndani ya kingao chake.

Ni wa tatu mwezi huu. Hizo E na P zinasema kitu kimechovywa madini ya fedha kwa umeme. N na S ni "nickel silver", yaani "fedha ya nikeli", na hiyo S ndiyo inayonigombanisha na watu. Nickel silver ni shaba, nikeli na zinki. Fedha humo haimo hata chembe. Imepewa jina kwa weupe wake, kama yule kijana wa mtaani kwenu anayeitwa Mzungu na hana hata shemeji Ulaya. Fedha ni ngozi ya juu tu. Kina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840, na tangu hapo meza za watu wa kipato cha kati zikang'aa kama za mabwanyenye.

Na vile vingao havikuwekwa kwa bahati mbaya. Ukiviangalia kwa mbali unaona mihuri minne imejipanga, sawasawa na fedha halali ya Uingereza. Ya kweli ina simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele kauinua: huyo ndiye anayesema sehemu 925 kwa 1000 ni fedha. Pembeni yake kuna alama ya mji (kichwa cha chui ni London, taji lilikuwa Sheffield, nanga ni Birmingham), herufi ya mwaka, na herufi za jina la fundi. Nanga, ndugu zangu wavuvi wa Kirumba, haina maana kwamba kijiko kilitoka melini. Birmingham haina hata bahari. Herufi ya mwaka nayo usiisome peke yake. London walizungusha herufi 20, kisha wanaanza upya kwa mwandiko mwingine au kingao cha umbo jingine. Kwa hiyo "ina herufi B" hujaniambia kitu.

Simba naye ana mambo. Wapo wanaoniletea shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, simba mbele ya milima, wakidai ni yule yule. Siye. Shilingi za 1921 hadi 1946 ni robo fedha tu, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Simba yupo pale pale, fedha imeondoka.

Sasa namba 90. Hii inanipandisha presha kuliko EPNS. Uma wa Kijerumani umepigwa 90, mtu anasoma asilimia tisini. Hapana! Ni gramu 90 za fedha zilizotumika kuchovya dazeni ya uma na dazeni ya vijiko. Gawanya mwenyewe: haifiki hata gramu 4 kwa kimoja. Fedha ya Mjerumani hupigwa 800 au zaidi, na tangu 1888 inaambatana na mwezi mchanga na taji. Tarakimu moja tu, lakini kwenye mzani ni mbingu na ardhi.

Sumaku tusipotezeane muda. Haikamati fedha, haikamati shaba, haikamati nickel silver. Kutokamata si ushahidi.

Ila na mimi nikiri. Kukosa mhuri hakunipi haki ya kukataa. Bangili nyingi za zamani za pwani hazikupigwa chochote, na ni fedha ya kweli. Kinara cha mshumaa nacho mara nyingi kimejazwa lami ndani, mzani unanidanganya mchana kweupe. Tindikali ni nzuri, inageuka kijani ikikuta shaba, lakini lazima kwanza nikwangue kwa tupa mpaka nipite ngozi ya juu. Ukikwangua kitu cha thamani, umekitia kovu. Nimewahi kukwangua nikajuta.

Uma za mama nilimwonyesha ncha zake: rangi ya kijivu yenye unjano hafifu imechungulia pale zilipokwanguana na sahani miaka yote hiyo. Alinyamaza. Kile kijiko cha chumvi ndicho kilichonishika. Mhuri umelika, naona kama mgongo wa mnyama na kitu kinachofanana na nanga. Nimekigeuza chini ya lenzi mara saba. Nikamwambia, mama, niruhusu nikikwangue kidogo nyuma ya mpini.

"Kwa tupa? Cha babu yangu?"

Akakifunga kwenye kitenge na uma zake, akawahi kivuko.