Hiyo picha ya duara ya mzee wa Kimarekani, ichukulie lenzi kwanza

Watu wengi wakiona kapicha ka duara, mzee kaangalia pembeni, nywele za kizamani, wanadhani ni foto iliyofifia tu. Mimi kazi yangu ni kutunza karatasi za zamani na leo nataka niwaeleze hii moja vizuri maana kila nikiishika nasisimka. Ni mchongo, yaani picha iliyochapwa kwa wino kutoka kwenye bamba la shaba lililochongwa. Aliyemo ni Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani, sura yake ilichukuliwa 1804 akiwa bado madarakani, na upana wa duara haufiki hata sentimita 6.

Aliyeichonga ni Mfaransa, Charles Févret de Saint-Mémin, mtoto wa wakubwa wa Dijon waliokimbia mapinduzi ya kwao, akafika Marekani 1793 na ikabidi ajifundishe kuchonga ili wapate kula.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakaa ubavu, kuna mashine ya mbao inaitwa fizionotrasi, inafuata ukingo wa uso wako, paji, pua, midomo mpaka kidevu, huku penseli inachora upande wa pili, unapata sura ya ukubwa uleule wa kichwa chako. Anaijazia kwa chaki nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya pinki, halafu anaipunguza kwa pantografu, kifaa cha kunakili mchoro kwa ukubwa mwingine, mpaka ienee kwenye kibamba cha shaba, ndo anaanza kuchonga. Mwanaume alilipa kama dola 25, mwanamke 35, na mteja anaondoka na mchoro mkubwa, nakala 12 na bamba lenyewe! Yaani bamba ni mali yako, ukitaka nakala zingine baadaye unapeleka kwa mchapaji, kwa hiyo picha ya Jefferson inaweza kuwa ya bamba lake kweli na bado isiwe ya 1804.

Sasa chukua lenzi, angalia pale nywele zinapopita juu ya sikio. Kwenye mchongo utaona mistari na vidoti, kila kimoja na ukingo wake, wino umekaa juu ya karatasi kidogo, kama ule mkwaruzo unaousikia ukipitisha ukucha kwenye noti ya dola. Kama kivuli kinateleza laini bila mstari wowote hiyo ni foto, na zipo, kwa sababu mwaka 1862 Elias Dexter wa New York alitoa kitabu chenye sura 760 za Saint-Mémin zilizopigwa picha kutoka kwenye nakala za kwanza. Ni kitu kizuri nacho, ila sio mchongo.

Jamani selotepu msiweke, na madoa ya kahawia msiyasugue na kitambaa chenye maji, nimepokea karatasi zilizotobolewa hivyo na inauma sana. Na maandishi ya penseli nyuma yaacheni kama yalivyo, nyingi ya sura hizi zilichapwa bila jina, hiyo penseli ndo inayotuambia huyu ni nani.